Ukitaka Kisiwa, Uliza Maji Kwanza

Zamani mtu wa pwani hakuwa na haja ya kuchagua kisiwa. Alizaliwa tayari yumo ndani yake: Mombasa, Lamu, Pate, Wasini, Unguja au Pemba. Akisafiri, alisafiri kwa jambo. Alikwenda kuuza boriti, kuoa, kusoma kwa sheikh, kuhani msiba, kuhudhuria Maulidi, au kuhiji kwa aliyejaaliwa. Lau mtu angeliaga wazee kwamba anakwenda kisiwa cha mbali kupumzika tu, bila ya biashara wala ndugu wa kumtazama, wangelimuuliza kama ana homa.

Siku hizi mambo yamegeuka, wala si vibaya kugeuka. Watoto wetu wanafanya kazi Doha, Dubai, Maskati, London na Toronto. Wana likizo yenye mshahara, wana akiba kidogo, na wana hamu ya kuona dunia aliyoiumba Mola. Wakifungua simu zao huona picha za visiwa vya Bahari ya Mediterania, ile ambayo waandishi wa Kiarabu wa kale waliiita Bahari ya Rum. Huona nyumba nyeupe juu ya majabali, maji ya buluu, na meza iliyotandikwa chini ya mti wa zeituni. Basi nami, kwa kuwa watu hudhani mwandishi wa gazeti amefika kila mahali, huulizwa: "Maalim, katika visiwa hivyo, nichague kipi?"

Jibu ninalo. Lakini sikulitoa kitabuni. Nililipata Mackinnon Road, mahali ambapo hapana bahari, hapana kisiwa, na katika miezi ya jua kali huwa hapana hata tope.

MJI WA NJIANI

Aliyepata kwenda Nairobi kwa gari kutoka Mombasa amepita Mackinnon Road. Ni kiasi cha maili sitini kutoka Mombasa, upande wa bara wa kaunti ya Kwale, katika nchi ya Waduruma. Ndipo ilipo ile nyika ya Taru ambayo misafara ya kale iliiogopa kwa kiu yake. Jina la mji limetokana na Sir William Mackinnon, Mskochi mwenye meli, aliyeongoza Kampuni ya Imperial British East Africa iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kampuni hiyo ndiyo iliyoanza kutengeneza barabara ya kwenda bara. Mackinnon alifariki mwaka 1893, na reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Waingereza lilijenga hapa bohari kubwa, na katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, pakawa na kambi ya kuwafungia waliotuhumiwa kuwa Mau Mau.

Hata hivyo msafiri Muislamu hapajui mahali hapa kwa habari za Mackinnon. Anapajua kwa msikiti ulio kando ya reli ya zamani, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, mtu wa Punjab aliyekuja kufanya kazi ya reli. Inasimuliwa kwamba karai la kokoto alilobeba halikumgusa kichwa, bali lilielea juu yake. Mwenye kusadiki na asadiki, na mwenye kunyamaza na anyamaze. Mimi sikuja kuamua baina yao. Lililo dhahiri ni kwamba magari husimama, watu hushuka, hutawadha, husali, hutoa walichonacho, kisha huendelea na safari.

Basi hapo pa kutawadha ndipo lilipo somo langu. Mackinnon Road haina mto. Bomba la maji ya Mzima, litokalo kwenye chemchemi za Tsavo na lililojengwa katika miaka ya 1950, linapita upande huu likienda kuinywesha Mombasa. Walio karibu nalo hupata maji yake kwa bahati ya siku. Walio mbali huchota kwenye silanga, na mvua ikikosa kina mama na punda hushika njia ndefu. Kila msafiri ajazaye kopo la udhu mahali pale anatumia maji ya nchi yenye kiu.

SWALI LA MZEE

Siku moja baada ya sala ya adhuhuri nilikuwa kibarazani nikingoja dereva wetu amalize chai yake. Karibu nami alikaa kijana wa Diani afanyaye kazi Doha, naye amefuatana na mama yake. Walikuwa wakienda Nairobi kwa mambo ya viza. Kijana alikuwa na majina ya visiwa vitano katika simu yake, Cyprus, Malta, Sicily, Mallorca na Djerba, na kila kimoja kina picha yake. Alinisalimu kwa adabu, kisha akaniuliza swali lile lile la siku zote.

Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja wa pale, Mduruma mwenye kofia iliyopauka kwa jua, alimgeukia.

"Mwanangu, huko uendako, maji wanayanywa ya wapi?"

Kijana akacheka kidogo. "Mzee wangu, ni kisiwa. Kimezungukwa na maji."

"Hata Mombasa imezungukwa," akajibu mzee. "Mbona bomba lapita hapa?"

Hapana aliyecheka tena. Mama wa kijana alikuwa amenyamaza muda wote, akizungusha tasbihi. Ndipo aliposema: "Mimi visiwa vitano sivijui. Namjua Bibi Umm Haram tu. Nikifika nikamzuru, kikombe kimoja cha maji chanitosha."

Dereva akapiga honi, tukaagana. Lakini maneno mawili yale, la mzee na la mama, nilikwenda nayo. Niliporudi nyumbani nilivichukua visiwa vile vitano, nikakiuliza kila kimoja swali la Mackinnon Road: wenyeji wako wanakunywa nini, na mgeni akija anakunywa cha nani?

VISIWA VYA BAHARI YA RUM

Kwanza yafaa msomaji ajue desturi ya mvua za huko, maana ndiyo ufunguo wa mambo yote. Katika Bahari ya Mediterania mvua hunyesha wakati wa baridi, kuanzia Novemba mpaka Machi hivi. Kuanzia Juni hadi Agosti mbingu hufunga. Nao wageni wa Ulaya hupewa likizo na kumiminika visiwani katika miezi hiyo hiyo ya ukavu. Kwa hiyo visima huwa chini kabisa wakati ambapo mabwawa ya kuogelea yanatakiwa yajae. Hilo ndilo tatizo lao kila mwaka.

Cyprus ndicho kisiwa cha moyo wa yule mama. Waliohudhuria darsa wanakijua kisa chake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alilala katika nyumba ya Umm Haram, akaamka anatabasamu, akaeleza kwamba ameonyeshwa watu wa umma wake wakipanda bahari katika njia ya Mwenyezi Mungu. Umm Haram akaomba aombewe awe miongoni mwao, na akabashiriwa kuwa atakuwamo. Miaka ikapita. Wakati Muawiya alipokuwa liwali wa Sham, kwenye mwaka wa 28 wa Hijra, alivuka pamoja na mumewe katika safari ya Cyprus. Baada ya kutoka baharini alianguka kutoka juu ya mnyama wake, akafa. Kaburi linalojulikana kuwa ni lake liko karibu na mji wa Larnaca, kando ya ziwa la chumvi, na limejengewa msikiti uitwao Hala Sultan Tekke. Wakati wa baridi ziwa hujaa maji na heroe hutua kwa wingi. Wakati wa kiangazi hukauka likabaki gamba jeupe la chumvi.

Ama kwa maji, Cyprus imeonja uchungu. Mwaka 2008, baada ya ukame mrefu, maji ya kunywa yaliletwa kwa meli kutoka Ugiriki, na majumbani mifereji ilifunguliwa kwa saa maalumu. Upande wa kaskazini, uliotengana na wa kusini tangu vita vya 1974, ulipata bomba lililopitishwa chini ya bahari kutoka Uturuki, likafunguliwa mwaka 2015. Kwa hiyo katika kisiwa kimoja wapo wanaokunywa bahari iliyosafishwa kwa mitambo, na wapo wanaokunywa mvua iliyonyesha nchi nyingine.

Malta ni kisiwa cha ajabu kwa sikio la mtu wa pwani. Watu wake karibu wote ni Wakatoliki, lakini lugha yao imezaliwa na Kiarabu. Mungu humwita Alla, maji huyaita ilma, na saumu yao kabla ya Pasaka huiita Randan. Msikiti upo, katika mji wa Paola, uliojengwa kwa msaada wa Libya. Lakini Malta haina mto unaopita mwaka mzima wala ziwa. Tangu miaka ya 1980 imekuwa ikitoa chumvi katika maji ya bahari kwa mitambo, na zaidi ya nusu ya maji yake ya kunywa hupatikana kwa njia hiyo. Kazi hiyo hula umeme mwingi, na yale maji mazito ya chumvi yanayobaki hurudishwa baharini. Nchi yenyewe ni kilomita za mraba 316 tu, na wenyeji ni zaidi ya nusu milioni. Wageni waliofika mwaka 2024 walizidi 3,000,000.

Mallorca ni ya Hispania. Waislamu waliitawala mpaka mwaka 1229, na mji wake mkuu wa leo, Palma, waliuita Madina Mayurqa. Humo mmebaki hamamu ya kale ambayo watu huenda kuiangalia. Kati ya mwaka 1995 na 1997 Mallorca ilikosa maji kiasi cha kuletewa kwa meli kutoka bara ya Hispania. Na mwaka 2024 wenyeji wenyewe waliingia barabarani mjini Palma, maelfu kwa maelfu, wakilalamika kwamba wageni wamezidi, nyumba hazipangiki na kisiwa kimewaelemea. Mgeni mwenye haya akisikia hivyo hujiuliza kama hodi yake itapendeza.

Sicily ni kubwa kuliko vyote katika bahari ile, na ina deni kwetu, au tuseme sisi tuna deni kwake. Katika mji wa Palermo, mbele ya mfalme Roger wa Pili, mwanachuoni Muislamu al-Idrisi alimaliza mwaka 1154 kitabu chake kikubwa cha nchi za dunia, ambamo imo habari ya Malindi na Mombasa. Yaani miaka zaidi ya 340 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi, majina ya miji yetu yalikwisha kuandikwa katika kisiwa cha Bahari ya Rum. Mtu apendaye historia akienda Palermo kwa jambo hilo, simlaumu. Lakini ajue kwamba mwaka 2024 Sicily ilipatwa na ukame mkali, na katika mji wa Agrigento maji yaligawiwa kwa zamu.

Djerba ni ya Tunisia, nayo nimeiweka mwisho kwa makusudi. Wenyeji wake ni Waislamu, adhana inasikika, nyama ni halali, na wengi wao kwa asili ni Maibadhi, madhehebu ya watu wa Oman na ya masultani waliotawala Unguja. Mwaka 2023 UNESCO iliitia Djerba katika orodha ya urithi wa dunia. Kilichonivutia mimi ni ujenzi wao. Kisiwa hakina mto. Basi watu wa kale walijenga nyumba na misikiti yao ili kuinasa mvua: dari na nyua zilipakwa chokaa, zikainamishwa kidogo, na maji yakaelekezwa katika birika chini ya ardhi. Watu wa visiwa vya Lamu wana jabia zao, kwa hiyo watafahamu mara moja. Hata Djerba siku hizi mahoteli ni mengi, na tangu mwaka 2018 upo mtambo wa kusafisha maji ya bahari. Lakini angalau mgeni anaweza kuona kwa macho yake jinsi watu walivyoishi karne nyingi kwa kuhesabu matone.

TUSICHEKE YA WENZETU

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya Wazungu na Waarabu peke yao. Kaunti ya Kwale ina visiwa vyake, na swali la mzee linavifikia.

Kiko Wasini, mkabala na Shimoni, kama kilomita 75 kusini ya Mombasa. Shimoni nako ile kampuni ya Mackinnon ilikuwa na kituo chake, na pango la huko lina kumbukumbu ya watumwa. Wasini ni kisiwa kidogo, urefu wake kiasi cha kilomita tano, kina vijiji vya Wasini na Mkwiro, hakina magari, na kina matumbawe ya kale ambayo kina mama wameyajengea njia ya mbao ili wageni wapite na wao wapate riziki. Mbele yake ni hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti, penye samaki wa kila rangi na pomboo. Lakini Wasini haina chemchemi. Kwa miaka mingi wenyeji walitegemea mvua waliyoikinga na maji yaliyovushwa kwa chombo kutoka bara. Kila mtungi ulikuwa na nauli yake.

Kiko Funzi, kisiwa cha wavuvi na mikoko, karibu na mdomo wa mto Ramisi. Kiko Chale, ambako Wadigo walikuwa na kaya yao, na ambako hoteli ilijengwa katika miaka ya 1990 ijapokuwa wazee walilalamika. Na Diani, ingawa si kisiwa, mahoteli yake yamesimama juu ya maji matamu ya chini ya ardhi ambayo, yakivutwa kupita kiasi, bahari huingia mahali pake. Visima vya Tiwi vinanywesha watu wengi wa pwani hii ya kusini, na visima havijui nani mgeni, nani mwenyeji.

Unguja kuna hesabu iliyokwisha kufanywa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 na shirika la Tourism Concern la Uingereza, kuhusu vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulionyesha kwamba nyumba moja ya mwenyeji ilitumia kwa wastani lita 93 hivi kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia zaidi ya lita 3,000. Tafadhali zisome nambari hizo mara ya pili. Nyumba nzima yenye watoto, mpishi na wazee ni lita 93. Chumba kimoja cha watu wawili ni zaidi ya lita 3,000.

Na kwetu pia msimu umepinduka kama kule Mediterania. Wageni wetu wengi huja kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma, jua ni kali na masika bado. Wakati wa masika, birika zinapofurika, mahoteli mengine hufunga milango.

NAMNA YA KUCHAGUA

Baada ya kuyapima hayo, nasema hivi.

Jambo la kwanza ni nia. Mwenye jambo la kumpeleka kisiwa fulani na aende kwa jambo lake, kama vile yule mama na ziara yake, au mwanafunzi wa historia na Palermo yake. Huyo hatumii maji ya watu bure. Anarudi na kitu, na mara nyingi huacha kitu. Lakini anayetaka kupumzika tu, mahali popote patamfaa, na kwa hiyo hana udhuru wa kuchagua mahali palipolemewa. Huyo namwambia aanze na Wasini au Funzi. Hahitaji viza. Wenyeji watamwamkia kwa lugha yake, msikiti uko hatua chache, chakula hakimpi wasiwasi, na shilingi yake itabaki katika nyumba ya mvuvi.

La pili ni msimu. Akitaka Bahari ya Rum, aende mwezi wa Februari au Machi, mvua zikiwa zimenyesha na wageni bado hawajamiminika. Hatapata joto la kuogelea, lakini atapata ziwa la Larnaca limejaa, milima ina kijani, na wenyeji wana nafasi ya kuzungumza naye. Aangalie pia kalenda ya Hijra, maana Ramadhani huzunguka. Mwaka ikiangukia miezi hiyo, Djerba atafuturu na jirani, na Malta huenda akafuturu peke yake chumbani. Wasini aende baada ya masika, bahari ikishatulia.

La tatu ni gharama, maana ndoto ina bei. Malta, Sicily na Mallorca zimo katika nchi za viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, kiasi cha shilingi 13,000 za Kenya. Fedha hizo ukinyimwa viza hazirudi. Cyprus na Tunisia ulizia ubalozini kabla ya kununua tiketi, usitegemee maneno ya barazani, hata yakiwa yangu.

La nne ni nyumba ya kufikia. Ukiandikiana na mwenye nyumba au hoteli, usiulize tu kama dirisha linatazama bahari. Uliza maji yanatoka wapi, katika mwezi ule utakaofika jirani zake wanapata maji kila siku au kwa zamu, na maji machafu yanakwenda wapi. Mwenye nyumba mwema atakujibu, na huenda akafurahi kwamba ameulizwa. Akikujibu kwa picha ya bwawa la kuogelea, umekwisha kupata jibu.

La tano ni mwenendo. Sisi tuliofunzwa chuoni tuliambiwa tusifanye israfu ya maji katika udhu, hata tukiwa kando ya mto unaopita. Tulikuwa watoto, tukadhani hilo ni la vyuoni tu. Kumbe ndilo somo la kwanza la msafiri. Ukitawadha kwa kopo moja Mackinnon Road, ukafika Malta ukajaza beseni la kuogea mara mbili kwa siku kwa kuwa umelipa, basi udhu wako ulibaki njiani.

Wapo watakaosema: mgeni analipa, na fedha yake ndiyo inayojenga mitambo na mabomba. Ni kweli, wala siidharau hoja hiyo. Diani ina vijana wengi waliooa kwa mshahara wa hoteli, na Malta ingekuwa maskini bila ya wageni wake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini kupona huko kuna sharti, kwamba mwenyeji naye apate cha kunywa. Bomba likijengwa kwa fedha ya wageni, kisha likaishia kwenye lango la hoteli na kijiji kikabaki na ndoo, hapo aliyepona ni nani?

Kwa desturi yetu mgeni akipiga hodi hupewa maji kabla hajaulizwa habari za safari. Hata nyumba maskini ya Mackinnon Road itakupa, na wala hutaonyeshwa kwamba yalitoka mbali. Ndiyo maana ni juu ya mgeni kujua.

Kijana wa Doha ameniletea salamu baadaye. Ametoa visiwa vinne katika orodha yake. Amebakisha Cyprus, kwa ajili ya mama, na safari ameisogeza kutoka Agosti hadi Februari. Yeye mwenyewe likizo yake nyingine atakaa Mkwiro. Nami nimempelekea ubeti huu auweke katika simu yake, mahali pa zile picha:

Uendapo ugenini, uliza kwanza kisima,
Wanywao humo ni nani, na wangapi wako nyuma,
Usidanganywe na pwani, mchanga na mwezi mwema,
Mgeni hana thamani, wenyewe akiwanyima.